Somo la 38: Akwariamu ya bahari iliyoachwa bila matunzo

Watoto, ninyi mnajua samaki wa mtoni na wa ziwani. Leo tutasoma habari za samaki wa baharini wanaofugwa ndani ya nyumba. Katika Ulaya na Amerika watu wengi hufuga samaki hao katika sanduku la kioo lililojaa maji ya chumvi. Sanduku hilo huitwa akwariamu. Kazi hii si ya jana: nyumba ya samaki ya London, katika bustani ya wanyama, ilifunguliwa mwaka 1853, na watu wote waliweza kuingia na kutazama.

I. Sanduku linaugua

Tuseme, katika shule moja ya Ulaya kuna akwariamu ya litri 200. Mtu aliyeitunza amehama. Miezi mingi imepita. Sasa kioo kimefunikwa na mwani wa kijani. Mchanga umekuwa mweusi. Maji yamepungua, na chumvi nyeupe imeganda juu ya ukingo. Walikuwamo samaki sita. Wamebaki wawili, wadogo, wenye mistari myeupe. Wanakaa karibu na uso wa maji, wanahema upesi upesi.

Mwanafunzi mmoja anasema: «Tumwage maji yote, tuoshe mchanga na mawe kwa sabuni, tutie maji mapya leo hii.»

Je, amesema vema? Hapana. Akifanya hivyo, samaki hao wawili watakufa pia. Tuone sababu.

II. Wafanyakazi wasioonekana

Samaki anapokula, anatoa uchafu. Chakula kilichobaki kinaoza. Katika uchafu huo inatoka sumu iitwayo amonia. Baharini sumu hiyo inapotea katika maji mengi, lakini ndani ya kioo haina pa kwenda.

Nani anaiondoa? Vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vinavyokaa juu ya mawe, katika mchanga na ndani ya chujio. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu pia. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana isipokuwa ikizidi.

Basi, anayeosha vyote kwa sabuni anawaua wafanyakazi wake mwenyewe. Kesho amonia itapanda, na hakuna wa kuiondoa. Kuzaa kundi jipya huchukua majuma mengi.

III. Kwanza kupima

Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kumtazama mgonjwa. Vivyo hivyo, sherti kupima maji kwanza: joto, chumvi, ukali wa maji, amonia, nitriti na nitrati. Joto jema ni digrii 24 mpaka 26. Chumvi jema ni gramu 35 katika kila litri. Amonia na nitriti zisionekane kabisa.

Tufanye hesabu. Litri 200 zenye gramu 35 kila moja zina chumvi gramu 7.000, yaani kilo 7. Litri 25 zikikauka, zinabaki litri 175. Lakini chumvi haikauki pamoja na maji, inabaki yote. Gawanya 7.000 kwa 175: utapata gramu 40 kwa litri. Maji yamekuwa makali kuliko bahari. Chumvi inavuta maji katika mwili wa samaki. Naye hunywa maji mengi ya chumvi na kuitoa chumvi kwa mashavu yake. Chumvi ikizidi, kazi hiyo inamchosha.

Dawa yake ni maji safi yasiyo na chumvi wala klori. Tia litri 5 kwa siku, polepole, kwa siku 5. Usitie yote mara moja, maana mwili wa samaki hauwezi kugeuka kwa saa moja.

IV. Kazi yenyewe

1. Chomoa nyaya za umeme kabla ya kutia mkono majini. Maji ya chumvi na umeme ni hatari kubwa.

2. Ondoa kila kilichokufa na chakula kilichooza. Hapo ndipo sumu inapotoka.

3. Futa kioo cha mbele tu. Mwani wa nyuma ungoje.

4. Tayarisha maji mapya katika ndoo safi isiyowahi kutiwa sabuni. Kwa litri 20 pima chumvi ya bahari gramu 700. Koroga mpaka iyeyuke yote, na maji yawe na joto sawa na yale ya sandukuni. Usimwage kamwe chumvi kavu juu ya samaki.

5. Toa litri 20 kwa mpira, ukivuta uchafu wa robo moja ya mchanga. Juma lijalo safisha robo ya pili. Kisha tia maji mapya.

6. Suuza chujio katika maji yale uliyoyatoa, si katika maji ya bomba, maana klori ya bomba inaua vijidudu.

7. Punguza taa, punguza na chakula. Samaki wapate kile wanachoweza kumaliza kwa dakika mbili.

Fanya hivyo kila juma. Kila mara unaondoa sehemu moja ya kumi ya nitrati. Kama uchafu mpya hauongezeki, baada ya mara 7 inabaki chini ya nusu.

Neno moja la kuangalia. Maji yaliyoachwa muda mrefu huwa machachu kidogo, na katika maji machachu amonia haina ukali wote. Ukitia maji mapya mengi kwa siku moja, uchachu unaondoka, na amonia inarudishiwa ukali wake. Ndiyo sababu samaki huweza kufa siku ile ile ya usafi mkubwa.

V. Kungoja

Baada ya mwezi kioo kinang'aa, lakini usinunue samaki wapya bado. Pima tena. Amonia na nitriti zisipoonekana kwa majuma kadhaa, hapo ongeza samaki mmoja tu, ungoje tena.

Anayemweka samaki katika kioo amemwondoa baharini. Sherti yeye mwenyewe afanye kazi ya bahari, kila siku. Na aliyekuta kazi imeachwa, asiirudie kwa hasira. Haraka haraka haina baraka.

Maana ya maneno

Mwani: majani ya majini, mengine madogo kama utelezi wa kijani.
Chujio: chombo kinachopitisha maji na kuzuia uchafu.
Klori: dawa inayotiwa katika maji ya bomba ili kuua vijidudu.

Maulizo

1. Kwa nini si vema kuosha vyote kwa sabuni?
2. Vijidudu vinageuza amonia kuwa nini, na kisha kuwa nini?
3. Maji yakikauka, chumvi inakwenda wapi?
4. Akwariamu ina litri 120 zenye gramu 35 kila moja. Litri 15 zimekauka. Sasa kila litri ina gramu ngapi?
5. Taja kazi moja nyumbani kwenu inayoharibika ikifanywa kwa haraka. Eleza sababu.