Umeme wa gatini: waya gani ununue, na uuchomeke vipi kwenye boti

Ukiwa na boti yenye friji ya samaki, chaja ya betri na taa mbili tatu, itafika siku utachoka kuunguza mafuta ya jenereta usiku kucha ilhali gati lina soketi. Umeme wa gatini ni nafuu. Friji inayokula wati 100 ikizunguka saa 10 mfululizo imemaliza uniti 1, na kwa bei ya kawaida ya TANESCO uniti haifiki shilingi 400. Wenye gati wanaweza kukutoza zaidi ya hapo, kwa hiyo uliza mapema kama wanasoma mita au wanadai kwa siku.

Hatari iko kwenye waya unaounganisha gati na boti. Wengi huchukua ekstensheni ya nyumbani, ile nyeupe yenye matundu manne, na kuitandaza juu ya mbao zilizolowa. Iache sebuleni. Nyuzi zake ni nyembamba, ganda lake hupasuka kwa jua na chumvi, na soketi zake hazizuii hata manyunyu.

Waya unaofaa una ganda la mpira mweusi ulio laini, na ubavuni umechapwa H07RN-F. Ndani kuna nyuzi tatu: ya kahawia ndiyo ya moto, ya buluu ni nyutro, na ya kijani yenye mstari wa njano ni ethi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Dukani sema unataka waya wa nyuzi tatu, unene 2.5. Wa 1.5 una bei ndogo, na muuzaji atakushawishi. Kataa. Waya wa 2.5 wenye urefu wa mita 25 ukibeba ampia 16 unapoteza volti kama 6 tu njiani; wa 1.5 wenye mita 50 unapoteza karibu 20, na hizo zinazopotea zinageuka joto ndani ya waya wako. Mita 25 zinatosha magati mengi.

Plagi je? Angalia kwanza soketi ya gati. Kama ni ya matundu ya mstatili, sawa na ya nyumbani Kenya na Tanzania, inatoa ampia 13, yaani kama wati 3,000. Magati yaliyojengwa kwa ajili ya boti huweka soketi ya buluu ya pini tatu za mviringo, ampia 16, ambayo kwa volti 230 ni wati 3,680. Birika la wati 2,000 na kiyoyozi cha wati 1,200 vikiwashwa pamoja tayari vimeizidi ile ya 13. Plagi ya buluu inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme wa viwandani. Dar es Salaam anzia Kariakoo. Chagua iliyoandikwa IP67, maana hiyo haiingizi maji ikifungwa vizuri. Waya huuzwa kwa mita, kwa hiyo pita maduka mawili matatu ulinganishe bei. Kazi ya kufunga plagi mpe fundi mwenye leseni: Tanzania hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Na kama boti yako ilitengenezwa Marekani, usichomeke chochote kabla fundi hajaikagua, kwa sababu nyingi za huko zimefungwa kwa volti 120.

Sasa kuchomeka. Zima swichi ya gatini, zima na swichi kuu ya boti. Chomeka kwanza upande wa boti, kisha upande wa gati, ndipo uwashe swichi ya gati na mwisho ya boti. Ukiondoka, zima zote mbili, chomoa gatini kwanza, halafu botini. Hivyo hutashika hata mara moja ncha yenye umeme inayoning'inia juu ya maji.

Acha waya ulegee kiasi. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na waya uliokazwa wakati maji yamejaa utang'oka yakitoka. Lakini waya usiguse maji, wala usipite mahali boti inapojigonga na gati. Waya uliobaki usiuache umeviringishwa kwenye roda. Ukibeba mzigo mkubwa hupata joto na unaweza kuungua.

Baada ya nusu saa ya matumizi, gusa plagi kwa nje. Vuguvugu si neno. Ikikuchoma kiganja, zima. Ukiichomoa utakuta pini zina ukungu wa kijani na plastiki kuzunguka tundu imekuwa ya kahawia. Plagi hiyo tupa, usiipige msasa.

Kwenye boti lazima kuwe na breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, yenye kitufe kilichoandikwa T. Kibonyeze kila mwezi. Isipokata, imekufa, badilisha.

Kuna jambo moja linalofanywa na watu wanaojiona wajanja: kukata uzi wa ethi. Sababu wanayo. Ethi huziunganisha boti zote za gatini chini kwa chini, na zinki zinazokinga vyuma vya boti, za jirani na zako, zikaanza kulika upesi. Dawa yake ni kifaa kidogo kiitwacho kizuizi cha galvaniki, kinachofungwa kwenye uzi wa ethi na kuzuia mkondo huo mdogo bila kuiondoa kinga. Ukikata ethi, umeme ukivuja unaweza kupitia kwenye maji.

Hapo ndipo watu hufa, hasa kwenye maji baridi ya Ziwa Victoria au Tanganyika, kwa kuwa mwili wa binadamu hupitisha umeme kuliko maji yasiyo na chumvi. Misuli hukaza na mtu huzama. Kwa hiyo usiwaruhusu watoto waogelee penye gati lenye umeme. Ukiwa majini ukahisi mwili unawasha, ogelea ulikotoka, usishike ngazi ya chuma. Ukimwona mwingine ameganda, usiruke: kimbilia swichi ya gati uizime, kisha mtupie kamba au boya.