HEWA IINGIE MBELE, ITOKE NYUMA
Somo: Kurekebisha vibao vya hewa vya gari kuukuu

Somo letu la leo linafuata zile hatua tatu tulizozizoea katika vikundi: kuona, kuamua na kutenda.

KUONA

Sisi wa Manda gari si kitu chetu cha kila siku. Kisiwani mwetu ni miguu, punda na mashua. Lakini ukishavuka mpaka Mokowe, safari ya bara inaanza, na vikundi vingi bado vinategemea magari ya zamani. Letu ni Land Rover ya miaka ya 1970, nyuma imetiwa vitanda vya mbao ili wahudumu walale humo wakichelewa kurudi. Likipumzika, linapumzika karibu na bahari.

Siku moja tulitoka Mokowe na akina mama saba kutoka Maweni, tukielekea Witu kwa semina. Jua lilikuwa kali. Vile vibao viwili vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele vilikuwa vimeganda kwa kutu. Si kosa la gari. Ni sisi tulikaa miaka bila kuvitia hata tone la mafuta. Basi tukaufungua mlango wa nyuma, tukaufunga kamba usijirudi, ili akina mama wapate upepo.

Haikupita saa moja, mama mmoja akalalamika kichwa, wa pili akatapika, wa tatu akasinzia kama mtu aliyelewa. Tukasema, "Ni malaria hiyo." Mimi mwenyewe nikaanza kupekua sanduku la dawa. Lakini sisi wawili wa mbele tulikuwa wazima kabisa. Na wale mama walipokaa chini ya mwembe kwa muda, wakaanza kupata nafuu. Sasa jiulize, ni malaria gani hiyo inayoondoka kwa kukaa kivulini?

KUAMUA

Gari likienda mbio, upepo unaligonga usoni. Nyuma yake panabaki kama pengo, hewa inazunguka pale pale pamoja na moshi wa bomba. Ukifungua nyuma huku mbele pamefungwa, gari linavuta moshi wake lenyewe na kuuleta kwa abiria. Ukifungua vibao vya mbele, hewa safi inaingia, inajaa ndani na kuusukuma moshi nje.

Ndani ya moshi huo mna gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua lakini mwili haupati kitu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mwenye mimba yumo hatarini zaidi, kwa maana mtoto tumboni naye anakosa hewa.

Basi shikeni jambo hili: wakiumwa watu kadhaa kwa pamoja ndani ya gari, na wakipata nafuu wakitoka nje, fikirieni moshi kwanza. Zimeni injini, washusheni wote. Aliyezimia, mwenye mimba, au ambaye bado amelegea, apelekwe hospitali upesi, hata akisema amepona. Sisi siku ile hatukufanya hivyo. Tulikosea, na Mungu alitusaidia tu.

KUTENDA

Kazi hii haihitaji fundi mkubwa. Tafuta bisibisi, spana, koleo, brashi ya waya, msasa, mafuta na grisi.

1. Usilazimishe. Kibao kilichoganda ukikivuta kwa nguvu, pini inakatika au mkono wa ndani unapinda. Tia mafuta mepesi kwenye bawaba na kwenye kiungo cha mkono. Kama huna, changanya mafuta ya taa na mafuta ya injini kidogo. Acha usiku kucha, kesho yake kichezeshe polepole.

2. Kikilegea, kifungue. Nati na skrubu ziweke kwenye kikombe zisipotee. Piga msasa palipo na kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, na pini itie grisi kabla ya kuirudisha.

3. Tazama wavu wa wadudu ulio nyuma ya kibao. Mara nyingi umezibwa na vumbi, majani na nzige wakavu. Hata kibao kikiwa wazi, hewa haipiti. Safisha, na uliotoboka ubadilishe.

4. Pima mpira wa kuzuia maji. Bana kipande cha gazeti kwenye kibao, ukifunge, halafu uvute. Gazeti likitoka bila kushikwa, mpira umekwisha. Kata mwingine, ugandishe kwa gundi ya mpira.

5. Kwa magari yenye kebo: kama kishikio kinatembea lakini kibao cha ndani hakisogei, tazama kibanio cha kebo. Huenda kimelegea tu. Weka kishikio na kibao vyote kwenye hali ya kufungwa, kisha kaza. Kebo ikikatika, usitie waya laini wa breki ya baiskeli. Huo unavuta tu, haujui kusukuma. Tumia waya mmoja mgumu wa chuma.

6. Usisahau chanzo cha moshi. Tazama bomba kama limetoboka au limelegea kwenye viungo. Matundu yote kati ya injini na abiria, pale zinapopita nyaya, yazibwe kwa raba.

7. Hakikisha. Gari likienda, abiria, si dereva, ashike uzi mbele ya kibao kilicho wazi. Uzi ukipeperuka kuelekea ndani, hewa inaingia. Mlango wa nyuma ubaki umefungwa, dirisha la pembeni lifunguliwe kidogo hewa ipate pa kutokea.

Baada ya hapo, kila mwezi futa chumvi kwa kitambaa kilicholowa maji matamu, kausha, tia tone la mafuta. Sisi wa Manda tunajua thamani ya maji matamu: kikombe kimoja kinatosha.

Na wanaolala ndani ya gari: injini izimwe, jiko la makaa lisiingizwe hata kama mvua inanyesha, na vibao viachwe wazi. Wavu utazuia mbu.

Vibao vyetu vilituchukua siku mbili. Tulipowachukua tena wale akina mama, waliteremka wakiimba. Kumbe usalama wao ulikuwa umefungwa na kutu ya pini mbili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, gari tunalopanda lina vibao vya hewa? Nani kati yetu amewahi kuvijaribu?
2. Mara ngapi tumesema "ni malaria" kabla ya kuuliza mtu alikuwa wapi na alikuwa anapumua nini?
3. Nani atashika kazi ya kutia mafuta kila mwezi, na atamwachia nani akisafiri?

Mungu awabariki, na safari njema.