Mlima Una Wenyewe: Mwongozo wa Baiskeli, Hema na Miguu katika Vilima vya Kisii na Nyamira

Aliyezoea Mlima Kenya au Aberdare akifika Manga kwa mara ya kwanza huuliza: msitu uko wapi? Huku juu anaona majani chai, migomba, mikalitusi, mapaa ya mabati yanayong'aa hadi karibu na kilele, na mama mmoja anayepalilia mahindi kwenye mteremko ambao mgeni angeushuka kwa makalio. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Upande wa Kisii, kila kilomita ya mraba ina watu zaidi ya 900.

Kwa hiyo huku hakuna lango la hifadhi wala tiketi, na simba hayupo. Lakini pia hakuna kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe. Ukisimamisha hema, umelisimamisha shambani mwa mtu. Ukikata njia ya mkato, umepita nyuma ya jiko la mtu. Kijitabu hiki ni cha vijana wanaotoka Nairobi, Kisumu, Nakuru na kwingineko kuja kutembea, kuendesha baiskeli na kulala nje katika vilima vya Gusii. Ni cha wenyeji pia, maana ndio watakaopigiwa hodi.

Pa kwenda

Ukingo wa Manga, upande wa Nyamira, ndio unaojulikana zaidi, na kwa haki. Ukisimama pale unaona mji wa Kisii chini yako, na siku ambayo anga ni safi macho hufika hadi Ziwa Victoria. Wazee wa Abagusii, yaani Wakisii, huuhesabu Manga kuwa mahali pa mwanzo wa makazi yao katika nchi hii, na palikuwa pazuri pa kumwona adui kabla hajafika.

Kiabonyoru, Nyamira vilevile, ni pa mtu anayependa kufuata maji. Mto Gucha huanzia huko, ukapita katikati ya nchi ya Gusii, ukateremka kwa Wajaluo wanaouita Kuja, ukaungana na Mto Migori na kuingia ziwani. Mwendesha baiskeli mwenye siku tatu au nne anaweza kuufuata mto huu kwa barabara za vijijini na kuona jinsi mashamba yanavyobadilika, kutoka chai ya juu hadi miwa na mahindi ya chini. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo safari bora kuliko zote za huku, na ajabu ni kwamba wanaoifanya ni wachache.

Kilima cha Nyamasibi, kinachozidi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kile cha Sameta ni vya wanaotaka kupanda na kushuka siku hiyohiyo. Tabaka, kusini, watu huenda kwa ajili ya mawe ya sabuni na wachongaji wake. Tafadhali usisogee ukingoni mwa machimbo bila mwenyeji. Mengine ni marefu, hayana ua, na mvua ikinyesha hujaa maji yanayoficha kina.

Katikati ya kaunti hizi mbili kuna mji wa Keroka, ambao Kisii na Nyamira zimeugombania kwa miaka. Mpita njia hana haja ya kuamua ni wa nani. Anywe chai aendelee.

Kulala nje hakukuletwa na wazungu

Wenyeji wengine wakiona hema huliona kama mchezo wa watu wa mjini waliokosa kazi. Babu zao wangewacheka kwa sababu nyingine kabisa: wangeshangaa hema moja linatosha vipi. Zamani vijana wa Kigusii walilala mbali na maboma ya baba zao, katika kambi za ng'ombe zilizoitwa ebisarate. Kila kambi, egesarate, ilikuwa na boma, vibanda na mikuki, na kazi ya vijana ilikuwa kulinda mifugo dhidi ya wavamizi. Huko walijifunza kukesha, kushiriki nyama, kusikiliza usiku. Serikali ya kikoloni ilizivunja kambi hizo mwanzoni mwa miaka ya 1910, baada ya mapigano yake na Wagusii ya 1905 na 1908. Katika hayo ya pili, kijana Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, ambaye hata hivyo alipona, na jeshi likateketeza nyumba na kuswaga ng'ombe.

Mwenyeji akikuuliza kwa nini unalala nje ilhali kwenu kuna kitanda, mwambie umekuja kuonja egesarate. Kama ni mzee, huenda asikuache ulale mapema usiku huo.

Hodi

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kijitabu hiki, na ndilo wageni hulikosea zaidi.

Fika mahali unapotaka kulala kabla ya saa kumi na moja jioni. Usisimamishe kitu. Acha baiskeli kando ya njia, ingia uani, bisha hodi, usubiri. Salamu ya asubuhi ni bwakire buya, na hata ukiitamka vibaya utakuwa umefungua mlango. Mwanamume mtu mzima muite tata, yaani baba. Mama wa nyumba naye, kwa Ekegusii, lugha ya huku, huitwa baba. Umesoma sawasawa. Mtoto akilia “baba!” huku akimkimbilia mama yake, si kwamba amechanganyikiwa. Mgeni akiona ulimi wake unakataa, aseme tu “mzee” na “mama” kwa Kiswahili, hakuna atakayekasirika.

Jitambulishe kwa jina, unakotoka na unakokwenda. Omba nafasi ya hema moja au mawili kwa usiku mmoja, na useme mapema kama mtapika. Bei ielezwe hapohapo, si asubuhi. Familia nyingine zitakataa pesa. Usilazimishe, bali uwe na kitu begani: kilo mbili za sukari, mkate, sabuni. Pakiti ya majani ya chai ni zawadi nzuri hata kwa mkulima wa chai, kwa kuwa yeye huuza majani mabichi kiwandani na anayoyanywa huyanunua dukani kama wewe.

Kisha mwombe mwenye nyumba amjulishe mzee wa kijiji au naibu wa chifu. Mgeni wa mjini huona hili ni usumbufu. Fikiria basi upande wa pili: ni saa sita ya usiku, taa ya kichwani inazunguka kilimani, sauti ngeni zinacheka, mbwa wa vijiji vitatu wanabweka. Mtu mmoja akipiga nduru, kijiji kizima hutoka na panga na rungu, na umati wenye hofu hauna muda wa kuuliza kitambulisho. Mzee akishajua mko wapi na mko wangapi, ataituliza nduru kabla haijaanza. Kwa sababu hiyohiyo, usitembee usiku vijijini. Kama giza limekukuta njiani, ingia dukani au kanisani ueleze shida yako.

Hema likae mbali na makaburi, ambayo huwa ndani ya boma lenyewe na mara nyingine hayana alama ila mmea uliopandwa. Uliza kabla ya kupigilia mambo. Usipite juu ya michai iliyokatwa sawa kama meza. Kuna vijia kati ya mistari, na tawi lililovunjika ni mchumo uliopotea. Uzio ukiufungua, ufunge.

Mwezi wa Novemba na Desemba, shule zinapofungwa, ni msimu wa tohara ya wavulana. Ukikutana na msafara wenye nyimbo, simama kando upishe, na usiinue simu kupiga picha. Nyumba wanamokaa wavulana baada ya tohara si pa kuchungulia, hata ukialikwa na watoto.

Wagusii wengi ni Waadventista wa Sabato, tangu misheni ya Nyanchwa ilipoanzishwa mwaka 1912. Kuanzia Ijumaa jua likitua hadi Jumamosi jioni, maduka mengi ya vijijini hufungwa, na si adabu kumwomba mwenyeji akupasulie kuni au akuuzie kuku. Nunua mahitaji yako Ijumaa asubuhi.

Saa nane mchana

Asubuhi ya Kisii hudanganya. Jua linawaka, vilima vimetulia, mtu anasema leo haitanyesha. Wakati huohuo hewa yenye unyevu kutoka ziwani inapanda kuelekea nyanda za juu, inakutana na upepo wa mashariki, inasukumwa juu, na kufikia saa nane au saa tisa wingu jeusi limesimama. Ndiyo sababu mvua ya huku hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na ndiyo sababu Kisii ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi. Januari na Julai ndiyo miezi yenye nafuu. Machi hadi Juni, na tena Septemba hadi Novemba, usipange kupanda kilele chochote baada ya adhuhuri. Anza saa kumi na mbili asubuhi, uwe umeshuka saa saba.

Ukiona mmweko wa radi, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika thelathini, shuka kutoka ukingoni na uingie katika nyumba kubwa ya kuta imara au ndani ya gari. Hema halikingi radi hata kidogo, wala mti ulio peke yake, wala kibanda cha kusubiria kuuza majani chai. Acha baiskeli na fimbo za kutembelea mbali nawe, mtawanyike msikae kama kundi, na msitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Huku bado wapo wanaoogopa kumgusa aliyepigwa na radi. Hana umeme mwilini. Mguse, angalia kama anapumua, na kama hapumui na mapigo hayapo, anza kumbonyeza kifua mara moja huku mwingine akipiga 999 au 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199. Hospitali kubwa za rufaa ziko mjini Kisii na mjini Nyamira.

Baiskeli na udongo mwekundu

Kupanda huchosha, lakini kushuka ndiko kunakoumiza. Barabara za murramu huku hushuka kwa ghafla hadi darajani, kisha hupanda tena palepale, na mtu aliyeachia breki ili apate kasi ya kupandia hukutana na lori la majani chai katikati ya daraja la gari moja. Malori haya hukusanya majani kutoka vituoni kwenda viwanda kama Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi, Kiamokama na Nyamache, hasa kuanzia mchana. Dereva anakimbilia kiwandani kabla majani hayajaharibika. Mpishe.

Badilisha vipande vya breki kabla ya kutoka nyumbani. Bonyeza na kuachia, usishikilie moja kwa moja, maana rimu ikipata moto mpira wa ndani hupasuka. Udongo mwekundu wa huku ukilowa hunata kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Hapo hakuna ujanja, ni kubeba baiskeli begani na kijiti cha kukwangulia mkononi. Pancha isikutishe: karibu kila soko lina fundi. Asichokuwa nacho ni vipuri vya baiskeli za kisasa, kwa hiyo beba mpira wa ndani wa saizi yako, kiungo cha cheni na waya wa gia.

Vaa kitu cheupe au cha kuakisi mwanga. Ukungu wa asubuhi kwenye mabonde hufanya saa moja ionekane kama saa kumi na moja alfajiri.

Mbu, maji na chungu

Watu hudhani milimani hakuna malaria. Nyanda za juu za Kisii zilipata milipuko mibaya katika miaka ya 1990, hasa kwa kuwa wakazi hawakuwa na kinga ya kutosha, na mgeni kutoka Nairobi hana hata hiyo kidogo. Mbu huzaliana mabondeni, kwenye vinamasi na mashimo ya kufyatulia matofali. Lala mteremkoni, si kando ya mto, tumia neti au hema lenye wavu uliofungwa, na umwone daktari kabla ya safari kuhusu dawa ya kinga. Homa ikikupata ndani ya majuma machache baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa wapi.

Maji ya chemchemi ni mengi na yanaonekana safi, lakini juu ya chemchemi kuna vyoo na ng'ombe. Chemsha. Choo cha kwenda porini hakipo, kwa kuwa pori halipo: omba kutumia choo cha mwenyeji na uache sabuni.

Usije na mabegi ya vyakula vya mikebe. Ugali wa wimbi na saga, ambayo Wagusii huiita chinsaga, vitakupandisha Sameta kuliko biskuti yoyote. Saga ni chungu kidogo; wapishi wazuri huilaza katika maziwa. Muwa unaouzwa kando ya barabara hufaa kwenye mpando wa saa tano, ila maganda uyabebe hadi shimo la taka.

Mnapofungua hema asubuhi, zungukeni mahali hapo pamoja na mwenye nyumba. Yeye ataona msiyoyaona: jiwe lililotolewa mahali pake, kamba iliyosahaulika ambayo ndama ataimeza. Na kama atawapa mkungu wa ndizi, msikatae kwa kisingizio cha uzito. Ulazwe juu ya keria, kikonyo kikielekea mbele, ufungwe kwa mipira miwili iliyokatizana, na anayeubeba apande baiskeli wa mwisho ili ukianguka usimwangukie mtu.