Deni linapogeuzwa hisa: somo la msimu wa Pittsburgh Penguins

Mfanyabiashara anayeuza kwa mkopo anaijua hofu ya kusikia kwamba mdaiwa wake amefilisika. Wazo la kwanza huwa ni kuwahi kabla wadai wengine hawajabeba kilichopo. Mara nyingine hiyo ni busara. Mara nyingine ndiyo njia ya kuambulia kidogo. Msimu wa 1998/99 wa Pittsburgh Penguins, klabu ya Marekani inayocheza mpira wa magongo kwenye barafu katika ligi ya kulipwa ya NHL, unaonyesha tofauti hiyo.

Vikombe vipo, fedha hakuna

Penguins walitwaa Kombe la Stanley, taji kuu la mchezo huo, mwaka 1991 na 1992. Mwaka 1992 nahodha wao, Mario Lemieux, alitia saini mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola milioni 42. Sehemu kubwa ya fedha hizo iliahirishwa kulipwa. Hapa ndipo penye somo la kwanza: mshahara ulioahirishwa haupungui, unahamia tu kwenye safu ya madeni.

Lemieux alistaafu mwaka 1997 huku klabu ikiendelea kukopa. Mwishoni mwa 1998, msimu mpya ukiwa ndiyo kwanza umeanza, Penguins waliomba mahakama iwalinde dhidi ya wadai. Lemieux alikuwa akidai zaidi ya dola milioni 30, na alikuwa mdai mkubwa kuliko wote miongoni mwa wasio na dhamana.

Chini ya ulinzi wa aina hiyo, sheria ya Marekani huwazuia wadai kukamata mali kwa muda, nayo kampuni huendelea na kazi huku mpango wa kulipa ukiandaliwa. Ndiyo maana timu iliendelea kucheza. Hata hivyo, ilihofiwa kwamba ingehamishiwa mji mwingine au kufungwa kabisa.

Mapato ya mlangoni

Uwanjani mambo hayakuwa mabaya. Jaromir Jagr aliongoza ligi kwa pointi 127, na timu ikaingia hatua ya mtoano ikiwa ya nane upande wa Mashariki. Ilipangiwa New Jersey Devils, waliomaliza wa kwanza.

Katika mechi ya sita Penguins walikuwa nyuma kwa ushindi 3 kwa 2, na pia nyuma kwa bao moja dakika za mwisho zikiyoyoma. Jagr, aliyekosa mechi nne za mfululizo huo kwa maumivu ya nyonga, alisawazisha, kisha akafunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza. Timu ikashinda na mechi ya saba.

Kwa mhasibu, bao hilo lilikuwa na thamani ya pekee. Mishahara ya wachezaji hulipwa katika msimu wa kawaida. Mechi ya mtoano inapochezwa nyumbani, gharama kubwa huwa zimekwisha kubebwa, hivyo sehemu kubwa ya kiingilio hubaki kwa klabu. Kuwatoa Devils kuliwapa Penguins mechi tatu zaidi za nyumbani dhidi ya Toronto Maple Leafs, kabla ya kutolewa katika mechi ya sita. Kwa kampuni iliyo mahakamani, fedha taslimu za jioni tatu si jambo dogo.

Uamuzi wa mdai

Lemieux angeweza kusubiri fungu lake katika mali iliyofilisiwa. Lakini mali ya klabu ni nini hasa? Ni mikataba ya wachezaji, nafasi katika ligi na mapenzi ya watazamaji. Vitu hivyo vina bei timu ikiwa hai. Ikifa, havipigwi mnada vikaleta fedha ya maana. Akapendekeza takriban dola milioni 20 za deni lake zigeuzwe hisa, akaongoza kundi la wawekezaji, na mwaka 1999 mahakama na ligi zikaridhia.

Faida haikuja kesho yake. Lemieux alirudi kucheza Desemba 2000 na kuvuta watazamaji, lakini mwaka 2001 klabu ilimwachia Jagr kwenda Washington ili kupunguza gharama, na msimu wa 2003/04 ilimaliza ya mwisho katika ligi nzima. Msimu uliofuata ligi yote ilisimama kwa mgogoro wa mishahara. Baadaye kombe lilirudi mwaka 2009, 2016 na 2017. Mwaka 2021 kampuni ya Fenway Sports Group ilinunua sehemu kubwa ya hisa, na thamani ya klabu ilitajwa kuwa takriban dola milioni 900.

Ya kuzingatia

Mdai aliyepewa nafasi ya kugeuza deni kuwa hisa ajiulize mambo manne. Je, biashara yenyewe ina wateja, au wateja nao wamekwisha? Kilichoiangusha ni mzigo wa madeni, au bidhaa isiyouzika? Atakuwa na sauti katika uendeshaji, au atapewa karatasi tu? Je, anaweza kukaa miaka bila kuzihitaji fedha hizo?

Jibu likiwa hapana hata kwa moja, achukue fungu lake aondoke. Mwenye hisa hulipwa wa mwisho, na kampuni ikianguka mara ya pili hana tena deni la kudai.