Kuchagua Mpira kwa Mwanaume Asiyezuia Mkojo

Somo hili ni kwa wauguzi wa vituo vya afya, na kwa wote wanaotunza wagonjwa nyumbani.

Tuchukue mfano. Siku ya soko la Mudaka kijana anamleta baba yake kituoni kwa pikipiki. Anasema, "Muganga, mzee anajikojolea mchana na usiku. Mama amechoka kufua mablanketi. Mtieni mpira, turudi nyumbani." Mzee mwenyewe ananyamaza, maana anaona haya mbele ya mtoto wake. Je, utampa mpira gani?

Usijibu upesi. Mwambie kijana angoje nje. Mlaze mzee chali, mwombe ruhusa, kisha utie mkono juu ya tumbo chini ya kitovu. Ukikuta kitu cha mviringo kilichokaza kama kibuyu, na ukigonga kwa kidole sauti ni nzito, kibofu kimejaa. Basi mzee huyu hashindwi kuzuia mkojo; anashindwa kuutoa. Mara nyingi tezi dume imekua ikabana njia, na kinachodondoka ni kile kinachofurika tu, kama pipa la maji ya mvua lililojaa hata ukingoni. Ukimvika mpira wa nje utakausha blanketi, na huku figo zinaharibika. Katika somo hili hakuna kosa kubwa kuliko hilo.

Mzee wa namna hii apewe mpira wa kuingiza, ndio sonde. Ile yenye puto ina jina la Frederic Foley, daktari wa Marekani aliyeitengeneza katika miaka ya 1930. Namba yake ni kipimo cha unene: kila namba 3 ni milimita 1, kwa hiyo ya 18 ina milimita 6. Mwanaume mzima hutoshwa na ya 14, yenye alama ya kijani, au ya 16, yenye rangi ya machungwa. Wengine hudhani nene ndiyo bora. Sivyo, nene huumiza njia, na kovu lake laweza kuiziba baadaye. Tena usimtie mwanaume sonde fupi ya wanawake, kwa maana puto litajaa ndani ya njia na kuipasua. Isukume sonde mpaka kwenye njia panda yake, uone mkojo ukitoka, ndipo ujaze puto kwa maji safi ya sindano, kwa kawaida mililita 10. Isipopita, usishindane nayo. Mpeleke mgonjwa hospitali.

Sonde si dawa. Inasaidia mpaka daktari aitazame tezi. Ya mpira wa kawaida hubadilishwa kabla ya wiki 4 kupita. Ya silikoni yaweza kukaa hata wiki 12.

Lakini tuseme tumbo ni laini, na mzee akiisha kukojoa kibofu ni kitupu. Labda alipooza upande mmoja. Pima mkojo wake kwanza, kwa maana maambukizo na kisukari pia huleta shida hii. Kisha mpira wa kuvaa wafaa: kondomu iliyounganishwa na mrija na mfuko. Acha nafasi kidogo mbele, wala usizungushe plasta ikakaza, maana uume ukivimba damu haitapita. Mvue kila siku, mwoshe kwa sabuni, mkaushe, utazame ngozi. Na yule anayejua haja inakuja ila hafiki chooni, chupa yenye mdomo mpana kando ya kitanda yashinda mipira yote.

Kijana aliyevunjika uti wa mgongo ni habari nyingine. Yeye afundishwe kujitia sonde isiyo na puto na kuitoa, mara 4 hadi 6 kwa siku. Mwaka 1972 Daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba mikono na sonde vilivyooshwa vizuri vyatosha kwa kazi hiyo.

Mzee anaporudi nyumbani kwa pikipiki, mwaga mkojo kwanza, kisha mfunge mfuko mguuni, chini ya kibofu. Usiutundike begani, wala usiulaze sakafuni. Mwambie kijana na mama yake: mkojo ukikoma kutoka, au homa ikija, au damu ikionekana, wamrudishe siku ile ile, wasingoje siku ya soko.