Kabla ya Kuchimba Msingi wa Nyumba

Watu wengi hudhani kwamba mtu akiisha kununua kiwanja na kupewa hati yake, yu huru kujenga humo nyumba ya namna apendayo. Sivyo. Hati yaonyesha kiwanja ni cha nani; haisemi ni jengo gani laruhusiwa juu yake. Walioyachanganya mambo haya mawili wameona akiba ya miaka mingi ikibomolewa asubuhi moja.

Katika Kenya, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 yakataza mtu kuanza kujenga kabla ya kupata ruhusa ya kaunti yake. Avunjaye sheria hii aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Kaunti huugawa mji katika maeneo: haya ya makao, yale ya maduka, mengine ya viwanda. Hapo zamani Nairobi iligawanywa kwa rangi za watu, kama alivyopendekeza Profesa W. J. Simpson katika taarifa yake ya 1913, na ndiyo sababu wazee wengine wakisikia habari ya maeneo hukunja uso. Siku hizi kinachotazamwa ni matumizi ya ardhi.

Hata katika eneo la makao, nyumba zote si sawa. Palipo na mabomba makubwa ya maji machafu, ghorofa nyingi zaweza kuruhusiwa. Pasipo nayo, kila nyumba hutegemea shimo lake, na kiwanja hakina budi kuwa kikubwa zaidi, kwa maana udongo una kipimo cha maji uwezayo kuyanywa, na kisima cha jirani huenda ki karibu.

Tutwae kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho wengi hununua. Ukubwa wake ni futi za mraba 5,000. Tuseme kanuni ya mtaa ule hairuhusu jengo kufunika zaidi ya nusu ya kiwanja: basi sakafu ya chini isizidi futi za mraba 2,500. Tena tuseme sakafu zote pamoja zisizidi ukubwa wa kiwanja: atakayeitumia nusu yote atapata sakafu mbili tu, ya chini na ya juu. Akitaka ya tatu, sharti apunguze upana wa nyumba. Vipimo hivi hutofautiana mtaa kwa mtaa, kwa hiyo usiichukue ramani ya nduguyo aliyejenga Nakuru ukaitumia Machakos.

Penye hatari kubwa ni kandokando ya mito. Mwaka 2018 majengo makubwa ya Nairobi yaliyosimama hapo yalibomolewa, na baada ya mafuriko ya 2024 Serikali iliwaamuru waliokaa ndani ya mita 30 za mito wahame.

Basi nenda katika afisi ya mipango ya kaunti kabla ya kununua, si baada yake. Chukua namba ya kiwanja, uulize kimo katika eneo gani. Kama ni ardhi ya kilimo, uliza habari ya kubadili matumizi yake. Ukiisha kununua na kuchorewa ramani, nayo ikakataliwa, omba sababu kwa maandishi upesi, kwa kuwa una siku 14 tu za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti iliyowekwa kwa mambo hayo. Usiporidhika na uamuzi wake, waweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.