Zafarani na Usingizi

Mitihani ikikaribia, wanafunzi wengi hukosa usingizi, na kila mtu huwaletea dawa yake. Mojawapo ya dawa zinazosifiwa siku hizi ni zafarani. Basi yafaa tuijue kabla hatujatoa fedha zetu.

Zafarani ni nyuzi nyekundu zitokazo katikati ya ua dogo la rangi ya zambarau. Kila ua lina nyuzi tatu tu, nazo huchumwa kwa mkono. Kupata kilo moja huhitaji maua 150,000 hivi. Ndiyo sababu ni ghali mno. Mashamba yetu ya Mwakiro hutoa kahawa, ndizi na maharage. Zafarani hutoka mbali, hasa Uajemi.

Watu wa pwani waliijua tangu zamani. Kule Unguja huitia katika biriani, na walimu wa Kurani huifanya wino. Huandika aya juu ya sahani, kisha huosha maandishi kwa maji, na mgonjwa huyanywa. Dawa hiyo huitwa kombe.

Je, wataalamu husemaje? Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Murdoch, Australia, walitangaza jaribio lao kwa watu wazima 63 waliokuwa wakilala vibaya. Kwa siku 28 wengine walimeza kiini cha zafarani, miligramu 14 mara mbili kila siku, na wengine vidonge visivyo na dawa, bila kujua nani amepewa kipi. Waliopewa zafarani walisema wamelala vizuri zaidi. Lakini watu hao walikuwa wachache, muda ulikuwa mfupi, na kampuni inayotengeneza kiini hicho ilisaidia gharama. Hiyo ni dalili njema, si hukumu ya mwisho.

Tena wako wadanganyifu wanaouza unga wa manjano kwa jina la zafarani. Nyuzi za kweli zikitiwa majini, maji hugeuka manjano polepole, nazo hubaki nyekundu. Hata iliyo ya kweli, ikizidi hudhuru, na mama mjamzito asiinywe kama dawa.

Mwanafunzi anayo dawa isiyo na bei: asome kidogo kidogo tangu mwanzo wa muhula, aache kahawa jioni, aweke simu mbali, alale saa ile ile kila siku. Usingizi ukikataa kwa majuma kadhaa, aende kwa mganga wa hospitali, asiende sokoni.